Waweza kuvaa ukapendeza bila kuingia madeni

JUMATANO moja mwendo wa saa mbili usiku simu yangu ililia. Alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu, barobaro wa miaka 23 ambaye alikuwa amefuzu chuoni mwaka mmoja uliotangulia na tangu hapo alikuwa akizungusha barua za kuomba kazi kote jijini Nairobi.

"Dada, nimeitwa kwa mahojiano Jumanne," akaniambia. Kabla sijamaliza kumpongeza, akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini sina nguo."

Si kwamba alikuwa akitembea uchi. Alikuwa na jinzi mbili zilizochanwa magotini kwa makusudi, fulana tano, raba nyeupe na shati moja alilovaa siku ya kufuzu. Alichokosa ni vazi la kumfikisha mbele ya watu wazima waliofunga tai na kumwezesha kuketi pale bila kujikunyata.

Mfukoni alikuwa na Sh2,500. Tayari alikuwa ameona suti dirishani mwa duka moja katikati ya jiji. Bei yake ilikuwa Sh12,000. Alichotaka kwangu ni ushauri tu: je, achukue mkopo mmoja wa simu au achukue miwili midogo midogo?

Msomaji, bila shaka unamjua kijana kama huyu. Huenda ni mwanao, huenda ni jirani yako wa hosteli, huenda ni wewe mwenyewe. Wengi wa vijana wetu hujikuta njia panda wanapotoka chuoni: ulimwengu unawataka wapendeze kabla haujawapa senti ya kujipendezesha. Wapo wanaokopa suti kwa matumaini ya mshahara ambao haujulikani kama utakuja. Riba hupanda, kazi hukosekana, na jina la kijana huishia katika orodha ya wasiolipa madeni hata kabla hajaandikwa kazi popote.

Wapo pia wanaoazima. Lakini wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiitaka wakati usiofaa, utaaibika.

Nilimwambia ndugu yangu asikope hata shilingi. Nikamwomba tukutane Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, aje na zile Sh2,500 zake, na avae fulana nyepesi na viatu visivyo na kamba nyingi.

Anza na sanduku la nyumbani

Kabla ya sokoni, Alhamisi jioni tulipitia nyumbani kwa wazazi mtaani Umoja. Watu wengi hukimbilia madukani bila kujua walicho nacho. Toa nguo zako zote kitandani, uzipange mafungu matatu: zinazofaa, zinazohitaji fundi, na zile ambazo hujazivaa mwaka mzima. Utashangaa.

Mama alifungua sanduku na kutoa koti la baba, la sufi, rangi ya samawati iliyokolea karibu kuwa nyeusi. Baba alilishonesha mwaka wa 1986. Ndugu yangu alilitazama kama mtu aliyeletewa uji baridi.

"Mama, hili ni la wazee," akanung'unika.

"Livae kwanza, kisha ndio useme," mama akamjibu.

Akalivaa. Mabega yalimkaa sawasawa, kana kwamba alipimwa yeye. Kiunoni lilikuwa pana na mikono ilikuwa imezidi kidogo. Baba, ambaye alikuwa amejifanya anatazama taarifa ya habari kwenye runinga, akageuka. "Hilo koti ndilo nililovaa nikienda kumposa mama yenu," akasema. "Halikuniangusha."

Hapa pana somo la kwanza kwa kila anayenunua au kurithi koti. Tazama mabega. Kiuno fundi atakipunguza, mikono ataifupisha, vifungo atavibadilisha, lakini mabega yakikosa kukaa, kuyarekebisha ni kulifumua koti zima na gharama yake hailipi. Koti likikubali begani, mengine yote ni kazi ya sindano.

Lipo jambo jingine kuhusu koti lile. Baba alipolishonesha, nguo nyingi zilizovaliwa nchini zilitokana na vitambaa vilivyofumwa hapa hapa. Kisumu palikuwa na kiwanda cha KICOMI, Eldoret palikuwa na Rivatex. Mapema katika miaka ya tisini milango ya biashara ilifunguliwa, nguo kuukuu kutoka ng'ambo zikafurika, na viwanda vyetu vikashindwa kustahimili kishindo hicho. KICOMI ilifunga milango, nayo Rivatex ikawekwa chini ya mrasimu mwaka wa 1998 hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka wa 2007. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza riziki yao. Kwa upande mwingine, maelfu wengine walipata riziki mpya katika masoko ya mitumba, na mwananchi wa kawaida akaweza kuvaa shati zuri kwa bei ya chakula cha mchana.

Mtaka cha mvunguni

Ijumaa alfajiri tulikuwa Gikomba. Ukitaka kujua kwa nini nilimwamsha mapema hivyo, elewa kwanza jinsi mitumba inavyouzwa.

Nguo hizi hufika bandarini Mombasa zikiwa zimefungwa kwa marobota, na mengi huwa na uzito wa kilo 45. Mfanyabiashara hununua robota likiwa limefungwa. Hajui kilichomo ndani. Anaweza kulifungua akakuta dhahabu, anaweza kulifungua akakuta matambara. Likishakatwa kamba, nguo huchambuliwa. Zile bora kabisa, ambazo pengine hazijawahi kuvaliwa, sokoni huitwa "kamera". Hizo huchukuliwa na wenye maduka madogo ya mjini, ambao huzifua, huzipiga pasi na kuzitundika kwa bei mara tatu au nne. Zinazofuata huuzwa kwa bei ya wastani. Mabaki, yanayoitwa "fagia", humwagwa chini juu ya turubai na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana anayefika saa nne asubuhi hukuta wenzake wameshaondoka na vilivyo bora. Lakini usilidharau rundo la chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika soko la mitumba methali hii si fumbo, ni maelekezo.

Si lazima uwe Nairobi wala si lazima iwe Gikomba. Wakazi wa upande wa barabara ya Ngong wana soko la Toi, walioko Mombasa wana Kongowea, na Kisumu kuna Kibuye. Taratibu ni zile zile.

Nilimpa ndugu yangu masharti manne. Kwanza, aandike anachotaka kwenye karatasi na asinunue kisichoandikwa. Pili, pesa azigawe: za nauli mfuko mmoja, za kununua mfuko mwingine, wala asizitoe zote mbele ya watu, kwani wezi wa mfukoni nao huamka mapema. Tatu, asionyeshe kwa uso kwamba amependa kitu. Nne, asinunue nguo kabla hajaikagua.

Ikague kama daktari

Kukagua nguo ya mtumba ni kazi ya dakika mbili, na dakika hizo mbili ndizo hutofautisha maridadi na majuto.

Iinue nguo uitazame dhidi ya mwanga. Tundu dogo ambalo hukuliona mezani litajitokeza. Tazama makwapa, kwa sababu doa la jasho lililokaa miaka halitoki. Tazama ndani ya kola na ncha za mikono, maana hapo ndipo shati huzeekea kwanza. Kwa suruali, chunguza katikati ya miguu na sehemu ya kukalia; kitambaa kikiwa kimeanza kung'aa au kupungua, irudishe. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Hesabu vifungo.

Kisha soma kibandiko cha ndani. Pamba hupitisha hewa na hustahimili kufuliwa. Sufi hukaa vizuri mwilini na hudumu. Poliesta haikunjamani upesi, lakini katika jua la saa saba ndani ya matatu iliyojaa, utaijutia.

Masoko mengi hayana chumba cha kujaribia. Kwa suruali, wenyeji wa soko wana ujanja wao: funga kifungo, kisha izungushe sehemu ya kiuno shingoni mwako. Ncha mbili zikikutana nyuma ya shingo bila kuvutana, aghalabu itakutosha kiunoni. Ndugu yangu alicheka alipoona nikimfanyia hivyo mbele ya watu. Alipofika nyumbani akaivaa, hakucheka tena.

Kuhusu viatu, usidanganywe na rangi. Vikunje katikati uone kama soli inaachana na ngozi. Bonyeza kisigino. Toa kitambaa cha ndani ukague kama kumeoza. Nasema haya kwa uchungu. Nilipoanza kazi ya uandishi nilinunua viatu vyekundu kwa Sh300, nikajiona malkia. Siku ya pili soli ilibanduka nikipanda ngazi za afisi nilikotumwa kumhoji mkubwa mmoja. Nilifanya mahojiano yale mguu mmoja nimeuficha nyuma ya kiti. Cha rahisi ni ghali.

Bei na utu

Shati la kwanza, jeupe la pamba, mchuuzi alitaka Sh400.

"Anti, hii ni kamera, angalia kola," akaniambia.

"Nimeiangalia, kijana wangu. Kifungo kimoja hakipo. Nitakupa mia mbili."

"Fanya mia tatu, nifungue siku na wewe."

Tukakubaliana Sh250, na la pili la samawati hafifu likaja kwa bei hiyo hiyo. Kutoa bei ya nusu na kukutana katikati si dhambi, ndiyo lugha ya soko. Lakini ukishakubaliwa bei, lipa, usiondoke ukicheka. Kumbuka huyo aliye mbele yako alinunua robota kwa kubahatisha. Kumbuka pia masaibu ya soko lenyewe. Moto umeiteketeza Gikomba mara nyingi, na ule wa Juni 2018 uliua watu 15. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, serikali ilizuia uagizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti, na wengi walikaa miezi hiyo bila bidhaa mpya. Shilingi 20 unayong'ang'ania huenda ndiyo nauli yake ya kurudi kwa watoto.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: mashati mawili Sh500, suruali ya kijivu Sh400, viatu vyeusi vya ngozi Sh1,000, tai Sh50, na soksi mpya Sh100. Jumla ilikuwa Sh2,050. Soksi na nguo za ndani nunua mpya daima. Huo ni usafi na afya yako, wala si mahali pa kubana matumizi.

Huenda ukauliza kwa nini viatu vilikula pesa nyingi hivyo. Hesabu ni rahisi. Usitazame bei peke yake, igawe kwa siku utakazovaa. Viatu vya Sh1,000 ukivivaa siku 200 vitakuwa vimekugharimu Sh5 kwa siku. Fulana ya fasheni ya Sh600 ambayo itapauka baada ya kuvaliwa mara nne imekula Sh150 kila mara. Ni ipi ghali?

Mtu wa sindano

Jumamosi asubuhi tulipeleka koti na suruali kwa fundi ambaye cherehani yake iko chini ya ngazi za jengo moja mtaani. Alipunguza koti ubavuni, akafupisha mikono, akabadilisha vifungo vya shaba vikawa vyeusi, na kubana miguu ya suruali. Alitutoza Sh350.

Huyu ndiye siri kubwa ya wanaopendeza kwa pesa kidogo. Nguo ya Sh300 inayokukaa vizuri humshinda aliyevaa ya Sh5,000 inayoning'inia. Lakini mafundi nao wana kalenda yao ambamo "kesho" ni neno refu. Usipeleke nguo Jumatatu ukiihitaji Jumanne. Acha angalau siku mbili, mpe nusu ya malipo, na ukienda kuichukua ivae hapo hapo kabla ya kumalizia deni.

Jifunze pia kushika sindano mwenyewe. Kifungo kulegea, pindo kufumuka, mshono kuachia kidogo, haya si ya kupeleka kwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Rangi chache, mavazi mengi

Makosa ya vijana wengi ni kununua kila kitu kinachong'aa. Matokeo yake ni kabati iliyojaa na mtu asiye na la kuvaa. Chagua rangi mbili au tatu tulivu kwa nguo za chini, kama nyeusi, kijivu na samawati iliyokolea, kisha juu uweke rangi zinazopatana nazo. Ukiwa na nguo nne za juu na tatu za chini ambazo zote zinaelewana, una mavazi 12 tofauti. Ongeza koti moja, uyavae nalo au bila, una 24. Vipande vinane tu, na wenzako afisini watadhani una kabati mbili.

Akina dada pia wana njia zao. Msichana mmoja mwanafunzi tuliyemkuta sokoni alitueleza kwamba yeye na mwenziwe hununua kitenge cha yadi sita, wakagawana yadi tatu tatu. Mmoja hushonesha gauni, mwingine sketi na kilemba. Kwa vile hawasomi darasa moja, hakuna anayegundua. Wanaopenda mavazi ya stara hupata mabuibui na mitandio mipya kwa bei nafuu Eastleigh. Nayo leso, ambayo huuzwa doti ya vipande viwili, yaweza kugeuzwa blauzi nyepesi ya Jumapili na kipande cha pili kikabaki cha kujifunga nyumbani.

Bora zaidi ni kubadilishana. Marafiki watano wakikutana Jumamosi moja, kila mmoja na nguo tatu alizozichoka, wote watarudi na kitu kipya bila kutoa senti.

Tunza ulicho nacho

Nguo yoyote ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Iloweke kwa maji ya moto na sabuni ikiwa kitambaa kinastahimili, ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha ipige pasi. Magonjwa ya ngozi hayabishi hodi. Nguo nyeusi na jinzi zifue zikiwa zimegeuzwa ndani nje na uzianike kivulini zisipauke. Koti la sufi halifuliwi kwenye beseni. La baba tulilipiga brashi, tukalitundika kwenye upepo siku nzima, kisha tukalipiga pasi juu ya kitambaa kibichi.

Viatu vipigwe rangi usiku, si asubuhi matatu ikikungoja. Kucha, nywele na meno havina bei ya dukani, lakini vikipuuzwa hakuna suti itakayovificha.

Jumanne asubuhi

Siku ya mahojiano ndugu yangu alipitia nyumbani kuaga. Baba alimtazama kutoka viatuni hadi kwenye kola, akamnyooshea tai kidogo, kisha akarudi kwenye gazeti lake bila neno. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo medali.

Kazi ile hakuipata. Ilimwendea mwingine, na alinipigia simu jioni hiyo akiwa amevunjika moyo. Nilimwuliza swali moja tu: "Unadaiwa na nani?"

Akanyamaza kidogo. "Hakuna," akasema.

Mwezi uliofuata aliitwa mahali pengine. Hakuhitaji kununua chochote. Alivaa koti lile lile, akabadilisha shati, akaenda. Siku hizi anafanya kazi ya ukarani katika kampuni ndogo ya uchukuzi kwa mshahara wa kawaida, na kila mwisho wa mwezi huujua mshahara wote kuwa ni wake. Lau angalikopa, mkopo ule ungalikuwa ukimngoja mlangoni.

Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi mnaosoma ukurasa huu pamoja nao, kupendeza si ushindani wa bei. Ni usafi, ni kipimo, ni subira, na ni macho makali asubuhi na mapema. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyevaa deni mgongoni hawezi kusimama wima, hata suti yake ingekuwa imetoka London.

Leo jioni, kabla hujaingia mjini kutazama madirisha, fungua kwanza sanduku la nyumbani. Huenda kuna koti linakusubiri.